Safu ya Ushauri: Bajeti yasema 48, daftari 49, fedha mkononi ni 31

Mpendwa Mshauri,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mtu mzima, nimeajiriwa, na tangu nilipomaliza shule nimekuwa nikikwepa hesabu kila ninapoweza. Jambo lolote linalohitaji kujumlisha zaidi ya namba mbili hulipeleka kwenye kikokotoo cha simu, na likifika suala la asilimia huwaachia wenzangu waseme jibu nami nikatikisa kichwa kana kwamba nimelipata mwenyewe. Sasa wenzangu kazini, ambao tuna kikundi chetu cha kusaidiana, wamenipendekeza niwe mweka hazina kuanzia mwaka ujao. Wanasema mimi ni mwaminifu, na hilo sikatai, lakini uaminifu haujumlishi.

Nilijaribu kurudia mazoezi ya vitabu vya shule. Nikimaliza ukurasa mmoja hujiuliza namba zile zinanihusu nini, na zoezi huishia hapo. Mwenzangu mmoja akanishauri nijifunze hesabu kwa kutumia fedha zangu mwenyewe: nipange bajeti ya mwezi kwa mkono, niandike kila kinachoingia na kinachotoka, kisha mwisho wa mwezi nisawazishe. Nimefanya hivyo, na hapa ndipo ninapohitaji msaada wako. Namba ninazokutumia nimezipunguza sifuri na sikutaja sarafu, ili zisomeke kwa urahisi.

Mapato yangu kwa mwezi ni 1,200. Matumizi niliyapanga hivi: kodi ya nyumba 360, chakula 275, nauli 96, kwa kuwa natumia 4 kwa siku, siku 6 kwa wiki, kwa wiki 4, umeme na maji 63, simu na intaneti 48, rejesho la mkopo 110, akiba 120, yaani asilimia 10 ya mapato, na mengineyo 80. Nilizinakili namba hizo kwenye karatasi nyingine, nikazipanga wima na kuzijumlisha, nikapata 1,125, kwa hiyo baki ilikuwa 75. Nilipozibonyeza kwenye simu, ikatoa 1,152, baki 48. Nilirudia kujumlisha karatasi ile ile, kutoka juu kwenda chini na kutoka chini kwenda juu, na kila mara nikapata 1,125. Mwishowe nilikata tamaa, nikaandika jibu la simu.

Mwezi ulipokwisha, matumizi yote yalikuwa kama nilivyopanga isipokuwa nauli, ambayo ilifika 104 ingawa sikusafiri safari yoyote ya ziada. Daftari langu la kila siku lilionyesha baki ya 49. Nilifurahi kuona 49 na 48 zimekaribiana hivyo, nikaona ile 1 haina maana. Furaha iliisha nilipohesabu fedha halisi, zilizo mkononi na zilizo kwenye akaunti, bila kugusa akiba: zilikuwa 31. Jambo pekee lisilo la kawaida ni kwamba mwezi huo nilimrudishia jirani 9 alizoniazima mwezi uliotangulia. Niliziandika katika safu ya fedha zinazoingia, kwa sababu mkopo wenyewe niliuandika katika safu hiyo na nilitaka mambo ya jirani yakae pamoja.

Naomba unisaidie kujua kosa liko wapi, na kama kweli zoezi hili linaweza kumfundisha hesabu mtu wa aina yangu. Ningependa pia kupandisha akiba hadi asilimia 15, lakini kila mwaka nadaiwa bima ya 180, na mwezi inapodaiwa kila kitu huvurugika. Je, nikubali kuwa mweka hazina au nijitoe mapema?

Wako,
Mkwepa Hesabu

JIBU

Mpendwa Mkwepa Hesabu,

Nimezipitia namba zako kwa kalamu na karatasi, na ninakuhakikishia kwamba kila tofauti iliyokusumbua ina maelezo. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba hukuzificha. Wengi wakiona bajeti haikubaliani na fedha huandika namba ya kuziba pengo, wakaipa jina la mengineyo, na kwa kufanya hivyo hutupa sehemu yenye faida kubwa kuliko zote katika zoezi hili. Hesabu ya kitabuni hukuambia tu kwamba umekosea. Hesabu ya fedha zako hukuambia umekosea kwa kiasi gani, na kiasi hicho mara nyingi hubeba alama ya kosa lenyewe, mradi ujue kuisoma. Hilo ndilo ningependa ulifanyie mazoezi kuliko kasi ya kujumlisha.

Tuanze na 1,125 dhidi ya 1,152. Kabla hata ya kutafuta nani amekosea, ungeweza kujua kwamba 1,125 haiwezekani, na bila simu. Kadiria kila namba kwenda kwenye kumi iliyo karibu: 360 inabaki 360, 275 inakuwa 280, 96 inakuwa 100, 63 inakuwa 60, 48 inakuwa 50, na 110, 120 na 80 hazibadiliki. Jumla ya makadirio ni 1,160, nayo hupatikana kichwani kwa sababu ni makumi matupu. Sasa jiulize makadirio haya yanaweza kuwa mbali na ukweli kwa kiasi gani. Namba nne hazikuguswa kabisa. Nne nyingine ziliguswa, na namba inayosogezwa kwenye kumi iliyo karibu haiwezi kusogea zaidi ya 5. Nne mara 5 ni 20. Kwa hiyo jumla ya kweli lazima iwe kati ya 1,140 na 1,180, wala haiwezi kutoka nje ya hapo kwa namna yoyote. Jibu la simu limo ndani ya mipaka hiyo. Lako la 1,125 limo nje. Naomba usiyaone makadirio kuwa hesabu ya wavivu. Ukiyafanya pamoja na mipaka yake, yanathibitisha jambo kwa uhakika ule ule wa hesabu kamili, na ni silaha ambayo mweka hazina huitumia mbele ya watu wakati hakuna muda wa kufungua daftari.

Sasa tuitafute tofauti yenyewe. 1,152 kutoa 1,125 ni 27, na 27 inagawanyika kwa 9 bila kubakiza kitu. Watu wa uhasibu wakiona tofauti inayogawanyika kwa 9 hushuku kwanza kwamba kuna mahali ambapo tarakimu mbili zimebadilishana nafasi wakati wa kunakili. Sababu yake si fumbo. Chukua 82 uigeuze kuwa 28. Tarakimu 8 ilikuwa na thamani ya 80 na sasa ina thamani ya 8. Imepoteza 72, yaani 9 mara 8. Tarakimu 2 imepanda kutoka 2 hadi 20. Imepata 18, yaani 9 mara 2. Kilichopotea kwa jumla ni 54, ambayo ni 9 mara 6, na 6 ni tofauti kati ya 8 na 2. Itakuwa hivyo kwa tarakimu zozote, kwa sababu kuhama kutoka nafasi ya makumi hadi ya mamoja ni kupoteza sehemu 9 katika kila 10.

Kanuni hiyo haikuishii kwenye kushuku tu. Gawanya 27 kwa 9, upate 3: sasa unajua kwamba unatafuta namba ambayo tarakimu zake za makumi na mamoja zinatofautiana kwa 3. Na kwa kuwa jumla yako ilipungua, tarakimu kubwa ndiyo iliyokuwa mbele katika namba sahihi. Katika bajeti yako yote, namba zenye sifa hiyo ni mbili peke yake, 63 na 96. Sitakuambia ni ipi kati yao, kwa kuwa karatasi uliyonakilia unayo wewe. Itazame kama imeandikwa 36 mahali pa 63, au 69 mahali pa 96. Utaona pia kwa nini kurudia kujumlisha hakukusaidia. Ulijumlisha vizuri kila mara, kutoka juu na kutoka chini, lakini ulijumlisha namba isiyo yako. Anayekagua hurudi kwenye chanzo, yaani kwenye bajeti ya kwanza au kwenye risiti, na kuitia alama kila namba aliyoilinganisha.

Alama ya 9 hutokea pia mtu anapoongeza au kuacha sifuri. Ukiandika 480 badala ya 48, tofauti inakuwa 432, ambayo ni 9 mara 48. Kwa hiyo ukipata tofauti kubwa inayogawanyika kwa 9, igawanye, kisha uangalie kama jibu ni mojawapo ya namba zako.

Huenda utakutana na mtu atakayekufundisha kukagua jumla kwa njia ya kutupa tisa, ambapo unajumlisha tarakimu za kila namba mpaka ibaki tarakimu moja, unazijumlisha hizo zilizobaki kwa namna ile ile, kisha unalinganisha na tarakimu inayobaki ya jumla. Ni njia nzuri ya kukamata makosa mengi, na mimi mwenyewe huipenda, lakini kwa kosa lako isingefaa kitu. Tarakimu za 1,152 zinajumlishwa kuwa 9, na za 1,125 vilevile, kwa kuwa ni zile zile zilizopangwa upya. Njia inayotegemea 9 haiwezi kuliona kosa ambalo lenyewe ni mafungu ya 9.

Tofauti ya pili ndiyo iliyokuumiza. Daftari lilisema 49, fedha zikasema 31, na pengo ni 18. Inagawanyika kwa 9, kwa hiyo ni halali kushuku kwanza tarakimu zilizogeuzwa, safari hii zenye kutofautiana kwa 2. Lakini 18 ni namba shufwa, na tofauti iliyo shufwa ina swali lake la pili: nusu yake ni ngapi, na je, nusu hiyo imeandikwa mahali fulani katika daftari? Nusu ya 18 ni 9, nayo ni fedha uliyomrudishia jirani na kuiandika upande wa kuingia. Fedha iliyotoka ikiandikwa kuwa imeingia, daftari hukosea mara mbili: halikuitoa 9 iliyopaswa kutolewa, kisha likaongeza 9 isiyokuwapo. Kutoka 9 chini ya sifuri hadi 9 juu ya sifuri ni hatua 18. Ulipoazima, fedha ziliingia, na ulikuwa sahihi kuziandika upande huo. Uliporudisha, zilitoka. Safu za daftari zinafuata mwelekeo wa fedha, hazifuati jina la mtu.

Hapa umefika kwenye namba hasi bila kujua. Mwanahisabati wa Kihindi, Brahmagupta, alipoweka kanuni za kukokotoa namba chanya na hasi mwaka 628, alizieleza kwa maneno ya mali na deni: deni likitolewa kwenye sifuri huwa mali, na mali ikitolewa kwenye sifuri huwa deni. Wanafunzi wengi huambiwa tu kwamba hasi na hasi hutoa chanya, wakakariri bila kuamini. Mtu aliyewahi kulipa deni, kisha akaliona limeandikwa kama mapato katika daftari lake, hahitaji kukariri.

Sasa rekebisha daftari. Matumizi ya bajeti yalikuwa 1,152. Nauli ilizidi kwa 8, yakawa 1,160. Ongeza 9 za jirani, yakawa 1,169. Ukiitoa katika 1,200 unabaki na 31, na ndizo ulizozihesabu. Hakuna fedha iliyopotea.

Lakini kuna jambo ambalo ningekosea kulipita upesi, nalo ni ile furaha yako ya kuona 49 karibu na 48. Nauli iliyozidi ilishusha baki kwa 8, na 9 iliyoandikwa upande usio wake ikaipandisha kwa 9, kwa hiyo vikafutana na kuacha 1 peke yake. Ukweli ni kwamba ulikuwa umeachana na bajeti kwa 17. Kwa sababu hiyo siwezi kukubaliana na wale wanaosema tofauti ndogo ipuuzwe. Tofauti ya 1 inaweza kuwa kosa la 1, na inaweza kuwa makosa mawili makubwa yaliyosimama kila moja upande wake. Njia ya kulitambua ni kulinganisha mstari kwa mstari, nauli na nauli, chakula na chakula, badala ya kulinganisha jumla na jumla.

Kuhusu nauli, hukufuja kitu. Ulizidisha kwa wiki 4, nawe si wa kwanza kufanya hivyo, kwa kuwa karibu kila mtu husema mwezi una wiki nne. Mwezi wenye wiki nne kamili ni Februari yenye siku 28 tu. Mwaka una wiki 52 na siku moja au mbili za ziada, ilhali 4 mara 12 ni 48, kwa hiyo bajeti yako imesahau wiki nne nzima katika mwaka. Nauli yako kwa wiki ni 24. Zidisha 24 kwa 52 kichwani: 24 mara 50 ni 1,200, na 24 mara 2 ni 48, jumla 1,248, ambayo, kwa taarifa yako, inazidi mapato yako ya mwezi mmoja. Gawanya kwa 12, unapata 104, ile ile uliyoshangaa kuiona. Kitu chochote unachokilipa kwa wiki kipitishe njia hiyo: zidisha kwa 52, gawanya kwa 12.

Bima inafuata mantiki ile ile kutoka upande wa pili, na hapa sina haja ya maneno mengi: 180 gawanya kwa 12 ni 15, na 15 hiyo inapaswa kuwa na mstari wake kila mwezi na kuwekwa kando, ili siku ya kudaiwa uikute imekamilika.

Kwa hiyo bajeti ya kweli ya mwezi wa kawaida, bila deni la jirani ambalo limekwisha, ni 1,152 jumlisha 8 jumlisha 15, yaani 1,175, na baki ni 25. Hiyo 25 ndiyo itakayotujibu suala la akiba. Ili kupata asilimia 15 ya 1,200, anza na asilimia 10, ambayo hupatikana kwa kusogeza kila tarakimu nafasi moja: 120. Asilimia 5 ni nusu yake, 60. Jumla 180. Unahitaji 60 zaidi ya akiba ya sasa, nawe una 25, kwa hiyo unapungukiwa na 35. Mahali pa kuitoa ni kwenye mengineyo, na 35 katika 80 ni karibu nusu yake, jambo ambalo sidhani kama mtu hulivumilia kwa miezi mingi. Basi geuza swali: badala ya kuuliza asilimia 15 itapatikanaje, uliza 25 inatosha asilimia ngapi. Asilimia 1 ya mapato yako ni 12. Katika 25 zimo 12 mbili, ikabaki 1. Unaweza kwenda hadi asilimia 12, yaani akiba ya 144, na hapo baki yako ni 1 tu, bila nafasi ya jambo la ghafla. Mimi ningekushauri asilimia 11 kwa sasa, akiba iwe 132 na baki 13, ila uamuzi ni wako. Jizoeze sana kugeuza swali kwa namna hii, kwa sababu kugawanya kunaanza kueleweka pale mtu anapokuwa na kiasi mkononi na anataka kujua kitafika wapi.

Na kwa kuwa umetaja asilimia kuwa ndizo hukushinda, jihadhari na mtego mmoja. Ukipunguza mengineyo kutoka 80 hadi 60, umepunguza asilimia 25. Ukitaka kuirudisha kutoka 60 hadi 80, utaongeza zile zile 20, lakini 20 katika 60 ni theluthi moja, zaidi kidogo ya asilimia 33. Kiasi hakikubadilika, kilichobadilika ni kitu kinachopimwa. Kila unapoisoma au kuisema asilimia, jiulize ni asilimia ya nini, na ukikosa jibu usiendelee.

Rejesho la mkopo sikuligusa kwa kuwa hukutaja riba yake. Ukipata muda itazame, ukikumbuka kwamba riba ya asilimia 2 kwa mwezi, ikiachwa ijilimbikize kwa miezi 12, haiwi asilimia 24 bali inakaribia 27, kwa sababu kila mwezi unatozwa riba juu ya riba.

Unauliza kama zoezi hili litakufundisha hesabu. Litakufundisha kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya, sehemu, asilimia na namba hasi, na zaidi ya yote litakufundisha kukagua. Halitakufundisha jiometri wala aljebra, na mtu asikudanganye kwamba bajeti ni shule nzima. Lakini lina masharti. Simu iwe ya mwisho: kwanza andika makadirio, kisha jibu la mkono, halafu ndipo ubonyeze. Ukianza na simu utakuwa umejizoeza kubonyeza. Programu zinazojumlisha zenyewe kila unapoingiza matumizi ni nzuri kwa mtu mwenye haraka. Kwa anayejifunza zinamnyang'anya zoezi. Pia usisubiri mwisho wa mwezi kusawazisha. Fanya kila wiki, kwa kuwa ukikuta tofauti baada ya wiki moja unatafuta katika mistari michache ambayo bado unaikumbuka, na ukikuta baada ya mwezi utatafuta katika mistari mingi ambayo nusu yake hujui tena ilikuwa ya nini.

Katikati ya mwezi jipe pia maswali ya kugawanya kutokana na kile kilichobaki. Umepanga 275 kwa chakula. Tuseme siku 12 zimepita katika mwezi wa siku 30 na umetumia 125. Zimebaki 150 kwa siku 18. Kabla ya kugawanya, kadiria: 18 mara 8 ni 144, kwa hiyo jibu ni 8 na kitu, na kwa usahihi ni 8 na theluthi. Kisha linganisha na ulivyotumia hadi sasa, 125 kwa siku 12, ambayo inazidi 10 kwa siku kwa kuwa 12 mara 10 ni 120 tu. Umejua unakwenda kasi kuliko fedha, na umejua siku ambayo bado unaweza kupunguza mwendo. Hesabu mbili za namna hii kila baada ya siku chache zinatosha; hakuna haja ya kukaa mezani saa nzima.

Sasa nafasi ya mweka hazina. Mwaka ujao haujaanza, na muda uliobaki unatosha kusawazisha bajeti yako mwenyewe mara kadhaa. Usijitoe leo. Jiwekee kipimo: ukiweza kusawazisha miezi miwili mfululizo, kila tofauti ukaijua chanzo chake bila kuandika namba ya kuziba pengo, kubali. Sikusema tofauti ziwe sifuri, nimesema uzijue. Ukishindwa, waambie wenzako mapema ili wapate mtu mwingine, na hakuna aibu katika hilo.

Ukikubali, usipokee daftari la kikundi kabla ya kuzihesabu fedha mbele ya anayekukabidhi na kuzilinganisha na baki iliyoandikwa. Tofauti ikiwapo, hata ya 1, iandikwe ukurasa wa kwanza kama ilivyo, pamoja na tarehe na sahihi zenu wote wawili, ndipo uanze mstari wako wa kwanza chini yake. Fedha za kikundi zisichanganywe na zako hata kwa siku moja, maana ukizichanganya hutakuwa tena na fedha halisi za kulinganisha na daftari, na hesabu yote niliyokueleza hapa inategemea ulinganisho huo.

Wako,
Mshauri